Maonyesho ya Picha Yakitazamwa Kutoka Shume

Msitu wa Shume, juu ya milima ya Usambara wilayani Lushoto, una mti uitwao mwangati, ambao kwingine huitwa mtarakwa. Mbao zake ni nyekundu, zinanukia, na huchongeka bila kupasuka. Kwa sifa hiyo Wazungu waliuita mti wa penseli. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walijenga kiwanda cha kupasulia mbao huko Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, wakatandika njia ya kamba za chuma kutoka juu hadi Mkumbara, penye reli ya Tanga, na mbao zikateremshwa zikining'inia hewani juu ya makorongo. Njia ile haifanyi kazi tena, lakini mwendo wa mambo haukubadilika. Kabichi, viazi, karoti na mapeasi hupakiwa katika malori na kuteremka kwenda Tanga na Dar es Salaam. Mlima umezoea kutoa. Ama picha zinazochorwa na kuonyeshwa mijini, hata zile zinazosifu jembe na mkulima, ni nadra kuupanda. Mahali palipoota mti wa penseli hapajawa mahali pa kutazamia picha.

Hali hiyo yazusha swali ambalo halifai kuachiwa wenye nyumba za maonyesho peke yao: picha inapotundikwa ukutani, inaonyeshwa kwa nani, na ni nani mwenye haki ya kusema kwamba ni ya kweli au si ya kweli? Mchoraji hutafuta mnunuzi, mhakiki hutafuta jina la mtindo, na mwenye nyumba hutafuta faida au sifa. Mtu aliyechorwa ndiye shahidi wa kwanza wa jambo lililochorwa. Naye mara nyingi haitwi barazani. Kazi za wachoraji wachache mashuhuri wa Tanzania, zikipimwa kwa jicho la shahidi huyo, hutoa maana ambayo haionekani kwa urahisi mjini.

Wako wasemao kwamba maonyesho ni desturi ya kigeni, na kwamba mkulima wa milimani hana mazoea ya kutazama picha. Neno hilo halina nguvu. Mwaka 1956 Hans Cory, mchunguzi wa mila aliyeitumikia serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumiwa katika jando na unyago miongoni mwa makabila mbalimbali ya nchi, yakiwamo yale ya kaskazini mashariki. Sanamu hizo zilikuwa za watu, za wanyama, za nyumba na za vyombo. Mwalimu aliwatolea wari moja baada ya nyingine, akaiimbia kila moja wimbo wake, kisha akaifumbua maana: hii yahusu adabu kwa wakwe, hii yahusu uaminifu wa ndoa, hii yamwonya mvivu. Nyingi hazikuumbwa zidumu. Kazi yake ilipokwisha udongo ulirudi kuwa udongo, na kilichobaki ni kile kilichoingia moyoni mwa mwari.

Kama hayo si maonyesho, basi neno maonyesho halina maana. Tofauti yake na ya mjini ni mbili. Kwanza, sanamu ile haikuachwa bubu. Palikuwa na kinywa kilichoisemea. Pili, mtazamaji hakupita mbele yake kama mpita njia; alipaswa kuijibu, kuikariri na kuishi nayo. Katika jumba la mjini picha hupewa kikaratasi chenye jina, mwaka na bei, kisha huachwa inyamaze. Hata hivyo haifai kuipamba kale kupita kiasi. Mwari hakuwa na ruhusa ya kumbishia mwalimu wake. Maana ilikuwa imekwisha kukatwa kabla yeye hajaingia, na kazi yake ilikuwa kupokea. Jumba la mjini, pamoja na ubaridi wake wote, humpa mtazamaji uhuru wa kuchukia. Kwa hiyo maonyesho yanayostahili kutamaniwa ni yale yatakayochukua kinywa cha kale na kukiunganisha na uhuru wa sasa, mtazamaji aambiwe na yeye pia aseme.

Kwa kipimo hicho na aanze Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma uchoraji Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kisha akaendelea na masomo yake London katika shule ya Slade. Ntiro alifundisha Makerere, akawa balozi wa Tanganyika mjini London baada ya uhuru wa 1961, akarudi nyumbani kuutumikia utamaduni na elimu hadi alipofariki mwaka 1993. Picha yake ya mwaka 1956 iwaonyeshayo wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku ilinunuliwa mwaka 1960 na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Kazi zake kwa jumla hufahamika upesi: vilima vya mviringo, migomba, rangi zisizo na hofu, na watu wadogo wadogo wasiopambanuliwa nyuso, wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda arusini. Mtu mmoja peke yake si kitu katika picha za Ntiro. Kitu ni kundi.

Mhakiki wa mji huona hapo mambo ya umbo. Atasema kwamba umbali haukupimwa kwa kanuni za Ulaya, au kwamba mlima unaonekana kama zulia lililotundikwa. Mkulima wa Shume angeona jambo jingine. Yeye hukaa mahali ambapo ardhi yenyewe imesimama wima, na shamba la jirani huonekana juu ya paa la nyumba yake. Kwake mlima uliotundikwa kama zulia ni sura ya kila asubuhi. Pale ambapo msomi huona kosa au ujanja, yeye angeona ushahidi, na angemsifu Ntiro kwa jambo ambalo Ntiro mwenyewe, mwana wa Kilimanjaro, hakuhitaji kufundishwa.

Lakini baada ya sifa ingekuja lawama, na ndiyo yenye faida zaidi. Usambara ina kumbukumbu yake ya kazi ya pamoja. Kuanzia mwaka 1946, katika bonde la Mlalo na baadaye kwingineko milimani, serikali ya Kiingereza ilileta mpango wa kuhifadhi udongo. Watu wakaamrishwa kutengeneza matuta katika miteremko, kazi ngumu ambayo wengi waliiona ni kuwapunguzia chakula na kuwaongezea jasho. Watu waliupinga, na kabla ya miaka ya hamsini kwisha ukaachwa. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo, akionyeshwa safu ya watu wanaoinua majembe kwa mkupuo mmoja, hataona umoja tu. Atauliza: ni nani aliyewaita? Wamekuja kwa ngoma au kwa amri? Na yule aliyechoka yuko wapi?

Picha za Ntiro hazijibu swali hilo. Katika vilima vyake hapana mnyapara na hapana mgonjwa. Kila mgongo umeinama kwa hiari. Upo udhuru wa haki: nyingi katika kazi zilizomjengea jina zilichorwa wakati ambapo watu wa nchi yake walikuwa wakidharauliwa, tena akiwa mbali nao, Kampala au London, na mtu aliye mbali huiota nyumba yake ikiwa na amani. Kuuchora umoja kabla haujapatikana ni namna ya kuuomba. Hata hivyo ombi si ushahidi, na jambo hilo ni rahisi kulisahau New York, ambako hakuna aliyewahi kulimishwa matuta. Sifa ya ugenini iliipa picha heshima. Haikuweza kuipa mtu wa kuihoji.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932 na mwanafunzi wa Makerere, alilitambua tatizo hili mapema kuliko wengi. Katika nusu ya pili ya miaka ya hamsini alichora kutani picha tano kubwa katika kanisa la Murang'a, nchini Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Zinaonyesha kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Lakini nchi ni ya Wakikuyu, na watu ni Waafrika. Waumini wa pale hawakuhitaji kusafiri ili kuziona, wala kulipa kiingilio. Walizikuta Jumapili baada ya Jumapili, wakiwa na huzuni zao na madeni yao, na juu ya picha palikuwa na neno lililosemwa. Kwa kipimo cha shahidi, ukuta wa Murang'a umeshinda majumba mengi: aliyechorwa amekaa mbele ya picha yake.

Upungufu wake ni ule ule wa jando. Kinywa kipo, lakini ni kimoja. Kanisani mtazamaji husikiliza, hasimami kubisha. Na katika nchi iliyotoka katika vita vya ndugu kwa ndugu, uso wa anayeteswa na uso wa anayetesa ulikuwa na mengi ya kubishaniwa. Pengine ndiyo maana Njau hakuridhika na ukuta wa kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya sitini aliweka jumba la sanaa la Kibo karibu na kwao Marangu, mlimani kabisa, na mwaka 1965 akawa miongoni mwa waliofungua Paa ya Paa mjini Nairobi. Huko alisisitiza sana kwamba mchoraji asiige, kwa kuwa anayeiga huilaza ile nguvu ya uumbaji aliyopewa na Mungu. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya mali ya Paa ya Paa. Lakini wazo la Kibo ndilo lenye uzito hapa. Kuliweka jumba la picha katikati ya migomba, si mjini, ni kukiri kwamba mlima si kitu cha kuchorwa tu. Unaweza pia kutazama. Wazo hilo halikuenea. Usambara, iliyo katika nchi ile ile, haikupata Kibo yake.

Kutoka ukingo wa Usambara mtu huyaona mashamba ya mkonge yametandazwa bondeni kwa mistari iliyonyooka. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga ndiko alikokuja kutafuta kazi, katika miaka ya hamsini, kijana wa Tunduru aitwaye Edward Saidi Tingatinga. Kutoka Tanga alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za mikono za namna nyingi, na mwishoni mwa miaka ya sitini akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kung'aa, zile zilizotumiwa kupaka baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, upande mmoja kama futi mbili. Hakusoma Makerere wala Slade. Maonyesho yake yalikuwa kando ya njia, karibu na duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako Wazungu walikuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Lakini jamaa na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 ukasimamishwa ushirika wenye jina lake.

Kuna hukumu mbili za haraka juu ya Tingatinga, na zote mbili hazitoshi. Moja husema ni sanaa safi ya mwananchi kwa kuwa haikupita shuleni. Nyingine husema ni bidhaa ya watalii, basi. Chui wa Tingatinga mwenyewe ana jicho lililo wazi na mwili uliojaza ubao mpaka ukingoni, kana kwamba mnyama amekataa kuachia nafasi kitu kingine. Hapo pana nguvu ambayo haiwezi kufutwa kwa kutaja mnunuzi. Wengi waliomfuata waliongeza wanyama na kupunguza jicho. Kosa hilo halikutokana na uvivu wao pekee. Mnunuzi aliyekaa nchini wiki mbili hawezi kumwambia mchoraji kwamba chui hakai hivyo, kwa kuwa hajapata kumwona chui ila kwa dirisha la gari. Sanaa inayotazamwa siku zote na mtu asiyeweza kuikosoa huwa kama mtoto anayesifiwa kwa kila neno: hukua mwili, haikui akili. Watu wa Tunduru, ambao chui kwao ni hasara na hofu, wangemrudishia mchoraji ukali wa jicho lile.

Juhudi za kuwaweka wasanii chini ya paa moja hazikukosekana. Nyumba ya Sanaa ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ikapata jengo lake mwaka 1983. Humo walifanya kazi watu kama George Lilanga, Mmakonde ambaye mashetani yake yenye masikio mapana na matumbo ya kuchekesha yalikwenda mbali duniani. Tangu 2008 kituo cha Nafasi kimewapa wachoraji wa Dar es Salaam vyumba vya kazi na mahali pa kukutania na watazamaji. Hizo ni kheri, na asiyezishukuru ni mnyimi. Lakini zote ni kheri za mji mmoja, ulio chini kabisa ya ile njia ya malori.

Aliyelikaribia zaidi jawabu ni Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu mwaka 1954. Alikwenda Sweden katika miaka ya sabini, akasoma anthropolojia mjini Stockholm, na elimu hiyo ikamchukiza, kwa kuwa ilimtaka awatazame watu wake kama vitu vya kuchunguzwa. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1980 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, taasisi ile ile iliyohifadhi sanamu za udongo alizokusanya Cory. Kati ya 1984 na 1986 alitenda jambo lisilo la kawaida: katika Denmark, Tanzania na India aliketi na makundi ya wanawake, akazungumza nao juu ya maisha yao, kisha akachora na kutunga, na kazi hizo zikaonyeshwa. Mazungumzo yalitangulia brashi. Aliyechorwa alikuwa amekwisha kusema kabla hajachorwa, na alipokuja kutazama alikuwa na haki ya kudai: nilisema hivi, mbona umechora vile?

Hapo kinywa cha kale na uhuru wa sasa vimekutana. Picha za Nicodemus si nyepesi kwa jicho: miili imebanana, mstari mmoja huweza kuwa bega la mama na shavu la mtoto, na uchungu haukupakwa asali. Lakini ugumu wake si ule wa fumbo lililotungwa kumtenga asiyesoma. Mwanamke wa Shume aliyepata kubeba mtoto mgongoni na kuni kichwani katika mteremko mmoja angeujua mstari ule bila kikaratasi. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilinunua picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1982. Ni heshima ya haki. Hata hivyo msomaji ataona kwamba mwendo ni ule ule: penseli imeteremka.

Atajibu mtu kwamba siku hizi picha hupanda mlima kwa simu. Ni kweli kwa kiasi chake. Kijana wa Shume aweza kuziona leo kazi za Sungi Mlengeya, aliyezaliwa mwaka 1991 na kujifunza uchoraji mwenyewe, ambaye wanawake wake weusi hutokeza katika weupe mtupu, nguo zao na ukuta wa nyuma vikiwa kitu kimoja kisichochorwa. Kazi hizo huonyeshwa Kampala na London, na ukubwa wake ni sehemu ya maana yake: mtu asimame mbele ya weupe ule na kuhisi kwamba ameachiwa nafasi. Katika kiganja cha mkono weupe huo huwa karatasi tu. Tena simu hurudisha kimya kile kile cha jumba la mjini, kwa kuwa kidole hupita, na mchoraji hasikii lolote ila hesabu ya waliopita.

Atajibu mwingine, kwa nguvu zaidi, kwamba mchoraji ni mtu mwenye njaa, na mkulima wa Shume hawezi kumnunulia picha. Hoja hii ni nzito, na haitaondolewa kwa maneno matamu. Lakini kununua ni jambo moja na kuhukumu ni jingine. Mshairi wa pwani hakuishi kwa fedha za wasikilizaji wote waliokaa barazani. Hata hivyo baraza ndilo lililomfanya achunge vina vyake, maana aliyekosea alisahihishwa mbele ya watu. Mnunuzi na abaki ambapo fedha zipo. Kinachodaiwa ni kwamba picha, kabla au baada ya kuuzwa, ipitishwe mbele ya watu wanaoweza kuisahihisha.

Jambo hilo halihitaji jumba la vioo. Darasa la shule wakati wa likizo latosha, au ukumbi wa kijiji, au ukuta wa ghala siku ya soko, ambapo watu wamekwisha kukusanyika kwa haja zao. Linalohitajiwa ni mchoraji awepo, aeleze alichokusudia, kisha anyamaze asikilize. Vyuo vinavyofundisha uchoraji vingeweza kulifanya hilo kuwa sehemu ya mtihani, na mwanafunzi aliyechora jembe apewe alama baada ya watu wa jembe kusema. Wahakiki nao wangekuwa na kazi mpya, ya kuandika yaliyosemwa pale. Maana hukumu hizo zisipoandikwa hupotea kama sanamu za udongo, na historia ya uchoraji itaendelea kutungwa na wale tu walioziona picha zikiwa zimekwisha kutiwa fremu.

Huenda hukumu nyingine zikawa kali kuliko zinavyotarajiwa. Yuko atakayesema, mtu hashiki jembe hivi katika mteremko, angeanguka. Mchoraji wa mjini akilicheka neno hilo atakuwa amecheka somo la kwanza la ufundi wake. Akirudi nyumbani, akaifuta ile mikono na kuichora tena, ndipo picha yake itakuwa na shahidi.